Sevo inagoma kufika pembe unayotaka: dalili, vyanzo na namna ya kuiongezea mzunguko

Anayeunda mashine ya kutotolesha vifaranga Uyole, mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) anayehangaika na mradi wa mwaka wa mwisho pale Iyunga, na mwalimu wa klabu ya sayansi Njombe hukutana na swali moja: sevo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe inayoamriwa na kusimama hapo) imeuzwa kama ya digrii 180, mbona inaishia 90, au 120, au inafika karibu na mwisho kisha inanguruma? Wengi hukimbilia bisibisi. Hapo ndipo sevo nyingi nzima zinapofia, kwa sababu mara nyingi mwendo unaotafutwa umo ndani tayari, na kinachoubana ni programu au kifaa kinachotuma ishara. Kufungua sanduku liwe jambo la mwisho, baada ya kupima.

Mwongozo huu unahusu sevo za kawaida: SG90 ya bluu yenye gia za plastiki, MG90S yenye gia za chuma, na MG996R ya uzito wa gramu 55.

Ndani ya sevo

Mna mota ndogo ya DC, msururu wa gia, potensiometa (rezista inayobadilika kadiri shafti inavyozunguka) iliyoshikamana na gia ya mwisho, na bodi. Ishara huingia mara 50 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 20 linakuja pigo moja. Amri imebebwa na urefu wa pigo: maikrosekunde 1500 ni katikati, 1000 na 2000 ni ncha za kawaida. Bodi hulinganisha urefu huo na volti ya mguu wa kati wa potensiometa, kisha huendesha mota mpaka viwili hivyo vikubaliane. Kwa SG90, kutoka 1000 hadi 2000 hupati digrii 180. Unapata kama 90, sawa na maikrosekunde 11 hivi kwa kila digrii.

Basi mwendo unaweza kubanwa na vitu vitatu: upana wa mapigo, umeme unaotoka kwenye potensiometa, na vizuizi vinavyogongana ndani ya gia. Cha nne, kisichobana mwendo lakini kinachoharibu kila kipimo, ni umeme dhaifu.

Kwa kupima, andaa multimita, bisibisi ndogo ya nyota, chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2 iliyokatwa waya wake, na protrakta ya mkebe wa hesabu. Gundisha protrakta chini ya mkono wa sevo ili usome pembe kwa macho. Kukisia pembe kwa jicho tupu hukosea digrii 10 au 15 bila mtu kutambua, na malalamiko mengi ya "haifiki 180" huishia hapo.

Dalili: inaishia digrii 90 au 120, na imetulia kimya

Ukimya ni habari njema. Sevo imefika ilikotumwa. Aliyetuma ndiye hakutuma mbali. Kama ishara inatoka kwenye risiva ya rimoti ya ndege au boti ya kuchezea, kwa kawaida mapigo yake yako kati ya 1000 na 2000, na hapo digrii 90 ndizo haki yake. Angalia kwanza kama rimoti ina sehemu ya kupanua mwendo wa kila chaneli. Nyingi zinafika asilimia 120 na zaidi.

Kama ishara inatoka Arduino (bodi ndogo unayoiandikia programu), tatizo liko kwenye maktaba ya Servo, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kuendesha sevo. Usipoiambia mipaka, yenyewe hutumia 544 hadi 2400. Na hapa kuna mtego: hata ukiandika writeMicroseconds (amri ya kutuma urefu wa pigo) ya 2500, maktaba itaikata irudi 2400 kama hukutaja mipaka mipya wakati wa attach (amri ya kuunganisha sevo na pini). Mtu hubadilisha namba mchana kutwa na sevo haisogei hata kidogo, akaamini imekufa. Andika hivi:

```
#include <Servo.h>
Servo sevo;
void setup() {
  sevo.attach(9, 500, 2500);
  sevo.writeMicroseconds(1500);
}
void loop() {}
```

Usiruke moja kwa moja kwenda 500 au 2500. Anza 1500, shuka kwa hatua za 25, kila hatua subiri nusu sekunde na usikilize. Sevo ikianza kuvuma bila mkono kusogea, umegonga kizuizi. Rudi nyuma 50, andika namba hiyo kwenye karatasi: huo ndio mwisho wa sevo hiyo upande huo. Fanya hivyo upande wa pili. Utashangaa kuona sevo mbili za boksi moja zikitofautiana. Moja ikaishia 530, nyingine 610. Ndiyo maana namba za sevo ya jirani hazikufai. Andika mipaka ya kila sevo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwake.

Ukimaliza, weka namba ulizopata kwenye attach badala ya 500 na 2500. Kuanzia hapo write (amri ya kutaja digrii) ya 0 na write ya 180 zitakuwa ncha halisi za sevo yako, na programu haitaweza kuisukuma ukutani.

Anayetumia bodi ya kuendeshea sevo ya PCA9685 ya chaneli 16 ahesabu tofauti. Bodi hiyo hugawa milisekunde 20 katika hatua 4096, hivyo hatua moja ni karibu maikrosekunde 4.9: hatua 102 ni 500, hatua 307 ni 1500, na hatua 512 ni 2500. Saa yake ya ndani haiko sawasawa kwa kila bodi, kwa hiyo ukibadilisha bodi, tafuta mipaka upya.

Dalili: inanguruma kwenye ncha na mwili wake unapata moto

Umeituma kupita kizuizi. Mota inasukuma ukuta, haizunguki, na umeme wote unageuka joto. SG90 iliyokwama huvuta karibu milliampea 650. MG996R iliyokwama kwa volti 6 hufika ampea 2.5. Dakika chache za hali hiyo hulainisha plastiki ya SG90, na meno ya gia ndogo ya mwanzo yanalika.

Dawa ni kupunguza mipaka kama ilivyoelezwa juu. Lakini hakikisha kwanza si mzigo unaokwama. Vua mkono wa sevo, rudia amri ileile. Ikinyamaza, kosa ni la kifaa unachokisukuma: bawaba imebana, waya unavuta, au trei ya mayai haijasawazika.

Kwa trei ya mayai tuseme wazi: kugeuza mayai kunahitaji digrii 45 upande huu na 45 upande ule, jumla 90. Sevo yoyote nzima inayo hiyo bila kurekebishwa. Ikishindwa, tafuta uzito. Mayai 60 ni kama kilo tatu na nusu. Trei ikining'inia upande mmoja wa mhimili, MG996R yenye nguvu ya kilo 9.4 kwa sentimita moja itasota. Mhimili ukipita katikati kabisa ya uzito, sevo hiyohiyo itaigeuza bila kulia. Na ikishageuza, tumia detach (amri ya kukata ishara) mpaka zamu inayofuata. Hakuna sababu ya kuiacha ikishikilia saa nzima ndani ya sanduku la nyuzi joto 37.

Dalili: ishara haiwezi kupanuliwa, na mwendo haukidhi

Hapa ndipo rezista (vipuri vinavyozuia umeme kwa kipimo maalumu) zinapokuwa na maana. Kama kifaa chako kinatoa 1000 hadi 2000 tu na hakibadiliki, unaweza kuifanya potensiometa ionekane kwa bodi kana kwamba imezunguka kidogo kuliko ilivyozunguka kweli. Unaunga rezista moja kwenye kila mguu wa nje wa potensiometa. Volti ya mguu wa kati itabadilika taratibu zaidi kwa kila digrii, na sevo italazimika kwenda mbali zaidi ili ifikie amri ileile.

Hesabu yake: gawanya jumla ya potensiometa na rezista mbili kwa thamani ya potensiometa peke yake. Potensiometa za sevo nyingi ni kilo-omu 5. Ukiweka kilo-omu 1 kila upande unapata 7 kugawa kwa 5, yaani mara 1.4: digrii 90 zinakuwa 126. Kilo-omu 1.5 zinaleta 144. Kilo-omu 2.2, ile ya nyekundu-nyekundu-nyekundu inayopatikana kwenye karibu kila redio chakavu kwa mafundi wa Mwanjelwa, zinaleta 169. Kilo-omu 2.7 zingeleta 187, lakini hapo kizuizi kitakuwahi.

Kuna jambo lazima lieleweke kabla ya kushika pasi ya kulehemu. Rezista hazisogezi kizuizi. Kama Arduino yako inaweza kutoa 500 hadi 2500, rezista hazikupi digrii hata moja ya ziada. Mwisho ni uleule wa gia. Tena zinakutoza: kila kosa dogo la umeme linakuzwa kwa kipimo kilekile. SG90 ina uvumilivu wa karibu maikrosekunde 10 kabla ya kujisahihisha, sawa na digrii 0.9. Ukiweka 2.2 inakuwa digrii 1.7. Kwa bawa la ndege ya kuchezea si kitu. Kwa kamera inayotazama kitu kilicho mita tano mbele, picha itahama sentimita 15. Kwa hiyo mwenye Arduino abaki na mapigo mapana, asifungue chochote.

Ukiamua kufungua, fanya kwa utaratibu huu.

Weka sevo katikati kwa 1500, kisha chomoa umeme. Toa skrubu nne ndefu za chini. Piga picha ya gia kwa simu kabla hujagusa hata moja, maana zinapangwa kwa ghorofa na mbili kati yake zinafanana. Zipange juu ya karatasi kwa mpangilio wa kutoka.

Gia zikiwa zimetoka, zungusha shafti ya potensiometa kwa vidole, taratibu, kutoka mwisho hadi mwisho, ukisoma protrakta. Hiyo ndiyo dari yako. Kama inakwama kwenye digrii 200, usipange mradi wa 250. Kisha angalia kizuizi cha gia ya mwisho: kwenye SG90 ni kipande cha plastiki kilichochomoza, kwenye MG996R ni pini ya chuma.

Tenganisha miguu ya nje ya potensiometa na bodi. Ukipima ikiwa bado imeungwa, vipuri vingine vya bodi vitakudanganya kwa namba ndogo. Multimita kwenye miguu miwili ya nje isome karibu kilo-omu 5 na isibadilike unapozungusha shafti. Ikibadilika, umeshika mguu wa kati.

Chagua rezista mbili zinazolingana. Usichukue mbili za kwanza; pima kumi, twaa zile mbili zilizo karibu zaidi. Ndani ya SG90 nafasi ni finyu, rezista za robo wati hazitaingia. Tumia zile bapa za kwenye bodi za simu zilizokufa, au toa nyaya tatu nyembamba nje ya sanduku na uweke rezista huko. Ndani ya MG996R za robo wati zinaingia miguu ikikatwa mifupi.

Lehemu kwa sekunde tatu, usizidishe. Moto ukikaa, plastiki inayoshika miguu inalainika, mguu unalegea, na njia ya kaboni ndani inaungua bila kuonekana. Kabla ya kurudisha kwenye bodi, pima tena ncha hadi ncha: 5 jumlisha 2.2 mara mbili, isome karibu 9.4. Isiposoma hivyo, kiungo kimoja hakijashika. Funika kila kiungo kwa mrija mwembamba wa plastiki.

Dalili baada ya kuunga rezista: mwendo umeongezeka upande mmoja tu

Rezista hazilingani, au mkono umevalishwa jino moja pembeni. Tofauti ndogo ina athari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukiweka 2.2 upande huu na 2.7 upande ule, katikati ya umeme inahamia asilimia 55 ya njia ya potensiometa. Kama njia ni ya digrii 200, sevo yote imehama digrii 10. Hata rezista mbili zenye alama ileile ya 2.2 na uvumilivu wa asilimia 5, moja ikiwa juu na nyingine chini, zinaweza kuhamisha digrii nne.

Tuma 1500, vua mkono, uvalishe upya ukitazama mbele. Kama bado upande mmoja unagonga kizuizi mapema, badilisha rezista, usijaribu kufidia kwa kukata gia.

Dalili: inakimbilia mwisho mmoja mara umeme unapowashwa

Chomoa mara moja. Vyanzo viko viwili na vinatofautiana kwa namna inavyokimbia.

Kama inakimbilia upande uleule kila mara, amri iwe yoyote, mguu mmoja wa nje umekatika au haujashika. Mguu wa kati unabaki umevutwa na upande mmoja tu, na bodi inaamini kwamba shafti iko mwisho wa dunia, hivyo inairudisha bila kukoma. Pasha viungo vyote viwili upya kwa risasi mbichi.

Kama inakimbia mara kushoto mara kulia kulingana na mahali ulipoiachia, umegeuza miguu ya nje: wa kushoto umekwenda kulia. Mota inasukumwa mbali na shabaha badala ya kuijongelea. Badilishana miguu hiyo. Ukiiacha miguu ilivyo na badala yake ukabadilishana nyaya mbili za mota, mambo yatatengemaa lakini sevo itazunguka kinyume na zamani, jambo ambalo wakati mwingine ndilo linalotakiwa, kwa mfano unapotaka sevo mbili zitazamane na zifuate ishara moja.

Ikiwa inashtuka ovyo bila mpangilio, tazama mguu wa kati. Huo ukielea, bodi husoma upuuzi.

Na kama rezista zote ziko sawa lakini umewahi kung'oa potensiometa na kuweka rezista mbili peke yake mahali pake, basi hiyo si sevo ya pembe tena. Imekuwa mota ya kuzunguka mfululizo: 1500 inasimama, chini yake inakwenda huku, juu yake inakwenda kule, na pembe haijulikani. Inafaa gari dogo la kuchezea. Haifai kitu chochote kinachotakiwa kurudi mahali pake.

Dalili: hakuna kilichobadilika kabisa

Rezista imeungwa kwenye mguu wa kati. Hapo haigawi volti, na bodi haioni tofauti yoyote. Ihamishe. Kama ziko kwenye miguu ya nje kweli na mwendo ni uleule, ulikuwa unafika kwenye kizuizi tangu mwanzo.

Kukata kizuizi

Fanya hivi pale tu ulipopima na kuona potensiometa inaruhusu zaidi ya gia. Kwa SG90 kata kipande kilichochomoza kwa wembe wa kukatia karatasi, vipande vyembamba, kisha sawazisha kwa tupa ndogo. Kwa MG996R vuta pini kwa koleo. Piga mswaki mkavu gia zote: unga mmoja wa plastiki uliobaki kati ya meno utasikika kama mlio wa tik kila mzunguko, na baadaye jino litavunjika hapohapo.

Ubaya wake ni huu. Kizuizi cha gia ni imara, kile cha ndani ya potensiometa ni dhaifu. Ukiondoa cha kwanza, kila kosa la programu litapokelewa na cha pili, nacho kitapasuka mara moja au mbili. Weka mipaka kwenye attach kabla ya kurudisha gia, tena iache nafasi ya digrii tano kila upande.

Dalili: inatetemeka ikiwa imesimama

Anza na umeme. Lisha sevo kwa chanzo chake, si kwa pini ya volti 5 ya Arduino iliyochomekwa kwenye kompyuta, ambayo kwa bandari ya kawaida ya USB ina milliampea 500 tu. Unga hasi ya chanzo hicho na hasi ya Arduino. Bila hivyo ishara haina pa kulinganishwa, na sevo itacheza kama ina homa. Weka kapasita ya maikrofaradi 470 hadi 1000, ya volti 16, karibu na sevo yenyewe, ukitazama alama ya hasi ubavuni. Ikiwa Arduino inajizima na kuwaka sevo inapoanza kusogea, ni tatizo hilohilo.

Wanaotumia betri ya sola ya volti 12 washushe kwa moduli ya LM2596. Irekebishe isome 5 hadi 6 kwenye multimita kabla ya kuunga sevo. Moduli hiyo huandikwa ampea 3, lakini bila bati la kupozea usiikamue zaidi ya 2.

Umeme ukiwa sawa na bado inatetemeka, jiulize inatetemeka lini. Kama ni pale mradi unapotuma ujumbe wa simu, mtuhumiwa ni moduli ya simu ya SIM800L, ambayo huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi. Itenge na chanzo cha sevo. Maktaba ya SoftwareSerial nayo husimamisha shughuli nyingine inapopokea herufi, na mapigo ya sevo yanapinda. Tumia detach kabla ya kuwasiliana, au hamishia mawasiliano kwenye pini 0 na 1.

Kama inatetemeka kwenye pembe moja tu, mahali palepale kila siku, njia ya kaboni imechakaa hapo. Hutokea zaidi kwa sevo iliyokaa mwezi mzima kwenye pembe moja. Vumbi la kiangazi la Usangu na unyevu wa Tukuyu huharakisha. Tone moja la dawa ya kusafishia swichi, shafti izungushwe mara ishirini, na mara nyingi inapona kwa muda, mwishowe utabadilisha.

Dalili: asubuhi ya Juni inazunguka pole pole, mchana iko sawa

Grisi imeganda. Makete, Njombe na Uporoto alfajiri ya Juni na Julai ni baridi ya kutosha kukaza grisi nzito ya gia, na betri nayo inadhoofika saa hizo. Kabla ya kulaumu rezista, pima volti kwenye nyaya za sevo ikiwa inasogea: ikishuka chini ya 4.5, tatizo ni umeme. Ikibaki juu, fungua, futa grisi ya zamani kwa kitambaa, paka ya silikoni kiasi cha punje ya mchele kwenye meno. Mafuta ya kupikia huganda vibaya zaidi na kunasa vumbi, yasiguse gia.

Unapotaka zaidi ya digrii 200

Hapo acha kupambana na potensiometa. Kuna sevo zinazotoka kiwandani zikiwa za digrii 270, kama DS3218 ya toleo hilo, nazo hutumia 500 hadi 2500. Ukiagiza Kariakoo kwa basi, sisitiza "270", kwa kuwa toleo la 180 lina sura ileile. Jua pia kwamba write haijui habari hizo: write ya 90 itakupeleka digrii 135. Zidisha digrii unazotaka kwa 7.4, ongeza 500, na utume kwa writeMicroseconds.

Njia nyingine ni gia za nje. Gia kubwa ya meno 40 kwenye sevo, ndogo ya meno 20 kwenye mzigo: digrii 180 zinakuwa 360. Nguvu inagawanyika kwa mbili, ile kilo 9.4 ya MG996R inakuwa 4.7 kabla ya msuguano, na mchezo wa kulegea ulioko kwenye meno ya sevo unakuwa maradufu. Printa mbovu zina gia nzuri za plastiki, ila chukua zote mbili kutoka printa moja na uhakikishe zilikuwa zikiumana; gia zenye meno ya ukubwa tofauti zitazunguka kwa mkono lakini zitaruka chini ya mzigo. Ziache na nafasi ya unene wa karatasi moja kati ya meno. Mchezo unaobaki unaondolewa kwa springi laini au uzi wa mpira unaovuta mzigo upande mmoja wakati wote.

Kwa paneli ndogo ya sola ya kufundishia, gia hizo hazihitajiki. Mbeya iko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, lakini mwendo mkubwa wa kila siku ni wa mashariki kwenda magharibi, na digrii 120 hadi 150 zinatosha kabisa. SG90 yenye mipaka iliyopimwa vizuri inafanya kazi hiyo ikiwa bado imefungwa skrubu zake nne.